UZI: Familia ya watu sita, RV, hifadhi za jangwani Marekani mwezi Julai. Nikosoeni kabla sijalipa

BabaMapacha_TX (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mwaka mpya. Niko Houston. Safari hii nimekuwa nikiiahirisha kila kiangazi hadi watoto wameigeuza utani wa mezani, ila mwaka huu sirudi nyuma. Tuko sita: mimi na mama watoto, mapacha walio darasa la nne, kitindamimba wa miaka mitano, na mama yangu mzazi mwenye miaka 68, ambaye ana ukaazi wa kudumu wa hapa. Magoti yake hayataki vilima, lakini ukimwambia abaki garini mtagombana.

Mpango ni ndege hadi Las Vegas, kisha tunachukua RV ya kukodi. Kwa ambao hawajaiona, ni gari kubwa lenye vitanda, jiko, friji na choo humohumo. Nimepata moja ya futi 31, inalaza watu wanane. Siku kumi, kuanzia wiki ya pili ya Julai:

Joshua Tree usiku 1, Death Valley 1, Zion 2, Bryce Canyon 1, Capitol Reef 1, Moab 2 kwa ajili ya Arches na Canyonlands, Monument Valley 1, Grand Canyon 1, halafu tunarudisha gari Las Vegas.

Naomba maoni kuhusu ukubwa wa gari, joto, viingilio na chochote ambacho sijakifikiria. Msinionee haya, bado sijatoa hata senti.

---

Kijiwe_Phoenix

Afadhali hujatoa.

Mimi ni mtu wa Voi, joto nalijua tangu utotoni, na sasa naishi Arizona. Tuanze na umbali. Joshua Tree iko kusini mwa Las Vegas, Death Valley iko kaskazini magharibi yake. Unashuka, unapanda, halafu unakata Nevada kuelekea Utah. Ukijumlisha mzunguko wako wote unakaribia maili 1,700, zaidi ya kilomita 2,700. RV kwenye barabara za milimani haiendi kama gari dogo, ukipata wastani wa maili 48 kwa saa shukuru. Hizo ni saa 35 za usukani ndani ya siku kumi, kabla hujasimama kuweka mafuta, kununua mkate au kusubiri mtoto atapike.

Pili, Death Valley mwezi Julai. Wastani wa joto la mchana ni kama nyuzi 47 za selsiasi. Furnace Creek, humo humo bondeni, ndiyo inayoshikilia rekodi ya dunia, 56.7, iliyopimwa 10 Julai 1913. Usiku huwezi kufungua dirisha upate upepo, maana huo upepo wenyewe unatoka kwenye tanuri. Kiyoyozi cha juu ya RV kinahitaji umeme wa kambini au jenereta, na kambi nyingi za hifadhi zina saa maalumu za kuwasha jenereta. Sasa muweke bibi humo usiku wa manane, jenereta hairuhusiwi. Halafu soma mkataba wa gari vizuri, kampuni nyingi zinakataza RV zao kuingia Death Valley miezi ya kiangazi. Likichemsha huko, gharama ya kukuvuta ni juu yako.

Futa Joshua Tree na Death Valley, hizo ni za Desemba mpaka Machi. Tukishakubaliana hapo ndipo tuongee mengine.

---

Hoteli_Tu

Mimi sielewi watu wanaopenda RV. Unalipia gari kwa siku, unalipia maili, unalipia saa za jenereta, unalipia mashuka na sufuria, mafuta galoni moja kwa maili 8 hadi 12, halafu jioni bado unalipia kambi. Na asubuhi baba mzima unashika mpira wa kumwagia kinyesi cha familia. Kodi gari kubwa la abiria saba, lala hoteli, oga maji moto, maisha yaendelee.

---

Utingo_Mstaafu

Hoteli_Tu hajakosea kwenye hesabu, ila hajawahi kusafiri na watoto watatu na mama mwenye kisukari au presha anayehitaji choo na kitanda kila baada ya saa mbili. Hapo RV inajilipa. Kwa vijana wawili ningesema kama yeye.

BabaMapacha, shikamoo ya mama huko. Mimi nimeendesha malori Dar hadi Tunduma kabla ya kuja kuendesha huku, na barabara kuu za I-15 na I-70 nazipita mpaka leo. Nitakwambia mambo ya gari tu, mandhari waachie wengine.

Futi 31 achana nayo. Siyo kwamba huwezi kuiendesha, ni kwamba itakufungia milango. Kambi ya Mather pale Grand Canyon mwisho wake ni futi 30. Hifadhi nyingine zina barabara zinazoishia futi 24 au 25. Chukua ya futi 25, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Na kabla ya kusaini hesabu mikanda, usihesabu vitanda. Gari linalolaza wanane linaweza kuwa na mikanda sita tu, au mitano.

La pili ni handaki la Zion. Kila mtu anakuambia ukitoka Zion pita handakini utokee Bryce, maili 85, kitu cha saa mbili. Handaki hilo lilifunguliwa 1930, magari ya enzi hizo ungeweza kuyapakia kwenye RV yako. Zamani ulikuwa unalipa dola 15, wanazuia magari ya mbele, unapita katikati ya barabara. Kuanzia 7 Juni 2026 utaratibu huo umekwisha. Gari lililozidi kimo cha futi 11 na inchi 4, au upana wa futi 7 na inchi 10, halipiti, uwe na dola 15 au 1,500. Hapo watu wanababaika kwa sababu wanaangalia urefu. Hata hiyo ya futi 25 ninayokushauri, kimo chake ni kama futi 12 na upana unazidi futi 8. Itagonga sheria juu na ubavuni.

Kwa hiyo ukitoka Zion unarudi magharibi hadi Hurricane, unashika barabara ya 59, ukivuka mpaka wa Arizona inaitwa 389, unatokea Fredonia, unapanda Kanab, halafu 89 mpaka njia panda ya Bryce. Ni mzunguko, siyo msiba, ila uweke kwenye ratiba. Simu yako itakuelekeza handakini, usiisikilize.

La tatu, milima. Kati ya Bryce na Capitol Reef kuna barabara ya 12. Nzuri sana, lakini baada ya Escalante kuna sehemu inaitwa Hogback, barabara inapita juu ya ukingo na bonde liko kushoto na kulia, hakuna ukuta. Mteremko wake mkali. Aliyewahi kushuka Kitonga na mzigo anajua: gia ndogo unaiweka juu kabla ya kuanza kushuka, haungoji breki zinuke ndipo uanze kutafuta gia. Kupanda kwenye joto, ukiona sindano ya temperecha inapanda, zima kiyoyozi, punguza mwendo, fungua madirisha. Watoto watalalamika, waache walalamike.

Tairi nitarudi kuziandikia, nipo mzani.

---

MamaBukavu_SLC

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Bukavu, tunaishi Salt Lake City na jamaa nyingi za kutoka Kongo, na kila Julai tunapeleka watoto kwenye hifadhi hizo hizo mnazosema ni moto. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema jangwa ni la baridi tu. Inategemea mko juu kiasi gani.

Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi sita na nusu. Furnace Creek iko chini ya usawa wa bahari. Bonde la Zion liko kama mita 1,200, Julai ni nyuzi 38. Moab ni hivyo hivyo. Fruita, pale Capitol Reef, iko karibu mita 1,700, mchana ni moto lakini usiku mnalala. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko mita 2,100, mchana nyuzi 29. Bryce ukingo wake unaanzia mita 2,400, mchana nyuzi 26 au 27, usiku inashuka mpaka nane. Bibi atakuuliza sweta yake iko wapi, na ni Julai, na ni jangwani.

Baba Mapacha, kama Julai ndiyo nafasi yako, chora safari kwa kufuata mwinuko. Lala juu. Chini pita asubuhi mapema na uondoke. Bryce iwe usiku tatu, Grand Canyon tatu, Fruita mbili, na Zion mguse tu.

Kuna nyingine watu wa Las Vegas hawaendi: Great Basin, upande wa Nevada karibu na mpaka wa Utah. Hakuna kiingilio. Mlima Wheeler una mita 3,982, chini yake kuna mapango ya Lehman ambamo joto ni nyuzi 10 mwaka mzima. Juu kuna misonobari ya kale sana, mingine imepita miaka 3,000. Barabara ya kupanda mlima wenyewe haichukui gari lililozidi futi 24, kwa hiyo Utingo ana haki. Kwenu ni mbali, sisemi muiongeze, nasema tu ipo.

---

BabaMapacha_TX

Dah. Kumbe nilikuwa nachora safari ya kwenye kalenda ya ukutani.

Nimefuta Joshua Tree na Death Valley. Futi 31 nimeifuta pia. Bado Moab na Monument Valley zinanisumbua, mke wangu anaitaka Monument Valley kuliko zote. Na viingilio je? Nimeona kadi ya mwaka ya dola 80.

---

Chenji_Ibaki

Usinunue! Umesema mapacha wako darasa la nne?

Kila mtoto wa darasa la nne hapa Marekani anapata kadi ya bure ya hifadhi za taifa, mpango unaitwa Every Kid Outdoors. Mtoto anajaza mwenyewe kwenye tovuti, anatoka na karatasi yenye namba, mnaichapisha mnakwenda nayo. Inaanza 1 Septemba ya mwaka wa shule mpaka 31 Agosti, kwa hiyo Julai bado inafanya kazi hata kama shule imefungwa na wamemaliza darasa la nne. Inaingiza waliomo garini pamoja naye. Wewe una watoto wawili wa darasa la nne, Mungu akupe nini tena.

Na mama yako. Mwenye uraia au ukaazi wa kudumu akifikisha miaka 62 ana kadi ya wazee, dola 20 kwa mwaka au dola 80 ya maisha. Kwa kiingilio hamtaihitaji, lakini kwenye kambi nyingi za hifadhi inakata nusu ya bei ya kiwanja anacholala yeye. Nusu! Kwa usiku nane inarudisha dola 20 zake usiku wa kwanza au wa pili. Jina la kuweka nafasi liwe lake na awe na kitambulisho chake.

Kule bila kadi, Zion, Bryce na Grand Canyon ni dola 35 kwa gari kila moja, inadumu siku saba. Capitol Reef dola 20.

---

Bi_Makunduchi

Assalaam alaykum. Nasoma kutoka Toronto. Sisi tunapanga Oktoba, watu wazima wawili na watoto wadogo wawili, hizo hizo Zion, Bryce na Grand Canyon. Hiyo dola 35 inatuhusu na sisi tunaotoka Kanada?

---

Chenji_Ibaki

Waalaykumu salaam Bi. Hapo mambo yalibadilika 1 Januari 2026. Asiye mkaazi wa Marekani, kuanzia miaka 16, anatozwa dola 100 za nyongeza kwa kichwa kwenye hifadhi 11 zenye watu wengi, na bahati mbaya zote tatu ulizotaja zimo. Watu wazima wawili mara hifadhi tatu ni dola 600 juu ya kiingilio cha kawaida. Dawa yake ni kadi ya mwaka ya wageni, dola 250, inafuta hiyo nyongeza. Nunua hiyo moja, ingieni gari moja. Capitol Reef, Arches na Canyonlands hazimo kwenye zile 11.

---

Bi_Makunduchi

Ahsante sana, Mungu akuzidishie. Na swali la ibada: huko porini mnajuaje kibla?

---

Kijiwe_Phoenix

Kibla huku ni kaskazini mashariki, na inaegemea zaidi kaskazini. Usishangae mzee akikuambia Makka iko mashariki, dunia ni mviringo na njia fupi inapita juu. Kinachochanganya zaidi ni saa. Arizona haibadilishi saa kiangazi, Utah inabadilisha. Kwa hiyo Julai mkivuka kutoka Las Vegas kuingia Utah mnasogea mbele saa moja, mkishuka mji wa Page, Arizona, mnarudi nyuma saa moja. Mkiingia eneo la Wanavajo, wenyeji asilia wa huku, ambalo liko ndani ya Arizona hiyo hiyo, mnasogea mbele tena, kwa sababu wao wanabadilisha. Simu inarukaruka barabara nzima. Kama mna miadi ya kuongozwa mahali, uliza ni saa ya nani.

---

MamaMapacha

Naona mume wangu ameleta mambo ya nyumbani huku, basi na mimi nimejiunga.

Monument Valley siiachi.

---

Hoteli_Tu

Uzi umenoga.

---

Kijiwe_Phoenix

Karibu dada. Ukweli wake huu hapa. Monument Valley siyo hifadhi ya taifa ya serikali ya Marekani, ni ya taifa la Wanavajo. Kadi ya watoto haitafanya kazi, mtalipa kwao, na ni haki yao. Ile njia ya vumbi ya maili 17 inayozunguka katikati ya minara hairuhusu RV. Mtaegesha juu, na ama mtazame kutoka ukumbi wa wageni, ama mlipe mwongozaji wa Kinavajo awapeleke na gari lake la wazi, na hiyo ya pili ndiyo yenye maana, anawapitisha pasipofikika na magari ya watu binafsi na anawasimulia nani aliishi wapi. Pombe ni marufuku kwenye ardhi yao yote, hata ikiwa imefungwa kwenye friji ya RV, kwa hiyo baba achunge.

Kutoka Moab hadi pale ni maili 150. Kutoka pale hadi Grand Canyon maili 180. Ukiichukua Monument Valley lazima uamue kitu kingine kitoke.

---

MamaMapacha

Moab itoke. Nyuzi 38 kwa siku mbili na mtoto wa miaka mitano, nani atambeba kwenda kuona tao la jiwe? Mimi?

---

BabaMapacha_TX

Moab imetoka wakuu.

---

Utingo_Mstaafu

Nimerudi. Moab nayo nilikuwa na mpango wa kuiondoa, mama amenisaidia.

Mkitoka Capitol Reef kwenda Monument Valley mtapita Hanksville, barabara ya 95, hifadhi ya Natural Bridges, mtokee Blanding. Simu itawapa njia fupi, barabara ya 261 yenye mteremko unaoitwa Moki Dugway. USIPITE. Ni kokoto, kona za kujikunja ukutani mwa mlima, na kuna kibao kinachoonya magari yaliyozidi futi 28 au pauni 10,000. Yako ina futi 25 lakini uzito wake ukijaza maji unapita hapo. Zungukeni Blanding na Bluff. Hanksville jazeni mafuta hata kama tangi liko nusu, baada ya hapo sheli ni ya kutafuta.

Tairi: pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, zikiwa baridi. Mchana lami ya Julai inazijaza zenyewe, ukitoa upepo saa nane mchana kesho yake utakuwa unaendesha tairi legevu, na tairi legevu ndiyo inayopasuka. Na zile za kukodi angalia umri. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1419 ni wiki ya 14 mwaka 2019. Kashata inaweza kuonekana mpya na mpira umeshazeeka. Ukiona imepita miaka sita, waambie wabadilishe gari.

---

MamaBukavu_SLC

Naongeza juu ya simu na njia fupi, kwa sababu watu wanacheka halafu wanakwenda. Julai 1996 familia ya Wajerumani wanne, wawili wakiwa watoto, walipotea Death Valley na gari la kukodi. Walifuata njia ya porini iliyoonekana ramani kama ya kukatisha. Gari lilipatikana Oktoba, tairi zimepasuka, mahali ambapo gari la aina ile halikupaswa kufika. Mabaki ya wakubwa yalipatikana 2009. Pakueni ramani kabla ya kuondoka, sehemu nyingi hakuna mtandao kabisa. Gari likikwama, msiliache, kaeni kwenye kivuli chake. Maji ni lita 4 kwa mtu kwa siku, kwenu ni lita 24 kila siku, ya kunywa, mbali na yale ya kwenye tangi la gari.

Na mafuriko. Julai hadi Septemba ni mvua za radi za mchana. Mahali mlipo jua linawaka, mvua inanyesha maili kumi juu, maji yanakuja kama ukuta ndani ya korongo. 12 Agosti 1997 watu 11 walikufa hivyo Antelope Canyon, jirani na Page, na pale walipokuwa hapakuwa na mvua ya maana. Siku hizi huingii bila mwongozaji. Kwenye makorongo membamba na Zion kule mtoni, ulizeni walinzi wa hifadhi asubuhi hiyo hiyo.

---

Shangazi_Mto_wa_Mbu

Mmemsahau bibi wa watu. Mimi nina magoti ya namna hiyo, nawaambia panapoendeka.

Zion: basi la bure ndilo linaloingia bondeni msimu huo, magari binafsi hayaingii, na hiyo ni nafuu kwenu, RV inabaki Springdale, mji ulio langoni. Kituo cha mwisho kuna njia ya Riverside Walk, imesakafiwa, inafuata mto, kivuli kipo. Mama anakwenda anapoishia pumzi, anakaa, anarudi. Njia ya kupanda Angels Landing muwaachie wenye vibali vya bahati nasibu.

Bryce: kati ya Sunrise Point na Sunset Point njia ni ya lami na haina mlima. Zile nguzo nyekundu zote mnaziona kutoka juu. Watoto washuke na baba yao. Lakini kumbukeni hewa ya mita 2,400 ni nyepesi, siku ya kwanza nendeni polepole.

Capitol Reef: kuna kibaraza cha mbao mnatembea mkiangalia michoro ya watu wa kale wa Fremont iliyochongwa ukutani. Na kuna bustani za matunda zilizopandwa na Wamormoni walioishi Fruita. Zikiwa zimefunguliwa kuchuma, unakula bure ukiwa ndani ya bustani, unalipia ya kubeba tu. Katikati ya Julai aprikoti zinaishia, miaka ambayo baridi ya masika haikuua maua. Bibi hapo hamtamtoa.

Grand Canyon: basi la bure tena, na njia ya ukingoni ina kilomita nyingi za lami. Machweo msiende pale kila mtu anaenda, pandeni basi mshuke kituo kimoja kabla au baada.

Watoto waombe kijitabu cha Junior Ranger kwenye kila hifadhi. Wanajaza, wanaapishwa na mlinzi, wanapewa beji. Ndiyo itakayowafanya waache simu.

---

Hoteli_Tu

Na ule mpira wa kinyesi hakuna anayeuzungumzia?

---

Utingo_Mstaafu

Nauzungumzia mimi. Kuna matangi mawili ya uchafu, la choo na la maji ya kuogea na vyombo. Yote yafungwe muda wote, hata mkiwa kambi yenye bomba. Watu wanaacha la choo wazi wakidhani yanajitoa yenyewe: maji yanatoka, mengine yanabaki yanakauka na joto lile, mkirudisha gari mnatozwa. Subiri lijae zaidi ya nusu, fungua la choo kwanza, likiisha fungua la maji ya sabuni lioshe mpira. Glovu. Dakika kumi. Umelea mapacha, hii si kitu.

Friji yake ya gesi inataka gari limekaa sawa. Ukiegesha kwenye mteremko inaacha kugandisha na nyama inaoza.

---

BabaMapacha_TX

Nyama umenikumbusha. Nyama choma kambini inaruhusiwa?

---

Kijiwe_Phoenix

Julai mara nyingi kuna zuio la moto, kuni na mkaa vyote havitakiwi. Beba jiko la gesi, lenye kitufe cha kuzima, hilo kwa kawaida wanalikubali. Angalia tangazo la kila hifadhi wiki hiyo. Na chakula msiache nje hata dakika, kunguru wa Grand Canyon wanafungua zipu za mabegi.

---

BabaMapacha_TX

Wakuu, ratiba mpya. Semeni neno la mwisho.

Las Vegas tunachukua gari asubuhi, siku hiyo hiyo tunatoka. Usiku 1 kambi yenye umeme Hurricane, alfajiri tunaegesha Springdale na kuingia Zion kwa basi, saa sita tumeondoka, tunapita 59 na Kanab. Bryce usiku 3. Capitol Reef usiku 2, Fruita. Monument Valley usiku 1. Grand Canyon ukingo wa kusini usiku 3, pale Trailer Village kwa sababu ndiyo kambi ya ndani yenye umeme, maji na bomba. Tunarudisha gari Las Vegas. RV futi 25, mikanda sita nimeuliza ipo. Kadi ya mapacha imeshachapishwa, imebandikwa kwenye friji ya nyumbani. Mama kadi yake tutachukua langoni.

---

MamaBukavu_SLC

Hii sasa ni safari. Fruita hakuna umeme, jiandaeni, usiku mtafungua madirisha. Bryce kambi za ndani nazo hazina, lakini baridi itawatosha. Nafasi za kambi hizo ziko kwenye tovuti ya Recreation.gov, viwanja vingi hufunguliwa miezi sita kabla, saa nne asubuhi kwa saa za New York, na vinaisha dakika chache. Kwenu Houston ni saa tatu. Kila usiku una siku yake ya kufunguliwa, kwa hiyo mtaamka zaidi ya mara moja.

---

Shangazi_Mto_wa_Mbu

Saa tatu siyo kuamka, ni kuchelewa.

Unga wa sembe mnunue Houston mbebe. Las Vegas utaupata kwa kuzunguka, Utah kusini msijisumbue.

---

MamaMapacha

Kilo tano zimeshawekwa kwenye orodha. Yeye ndiye atakayesonga, nimemwambia mbele ya mama yake.

---

Utingo_Mstaafu

Siku ya kuchukua gari, piga picha ubavu wa tairi zote, zile za nyuma ziko mbili mbili kila upande, usisahau za ndani. Weka hapa kabla hujasaini. Nitakuwa barabarani lakini nitaangalia.

---

BabaMapacha_TX

Sawa mzee. Zitakuwa hapa.